Macho ya sungura wa felti

Dada, umeuliza kama sungura wa felti unayemshonea mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuwekewa macho ya vifungo: hapana, usimwekee hata kama umekaza uzi mara kumi, macho yadarizi kwa uzi moja kwa moja kwenye felti kabla hujaunganisha kichwa, ili fundo libaki kwa ndani. Felti ni nyuzi zilizogandamizwa tu, haijafumwa kama kitambaa, ndo maana ukiikata haifumuki pembeni, lakini mtoto akiitafuna ikalowa inalegea na kifungo kinang'oka na kipande chake. Huku Marekani midoli ya watoto chini ya miaka 3 hairuhusiwi kuwa na kitu kinachoingia chote kwenye kikopo cha kupimia chenye upana wa milimita 31.7, na kifungo cha shati kinazama humo kabisa. Mi nimeshona sungura kama hawa wa kuweka kwenye kikapu cha zawadi za Pasaka miaka mitatu sasa, macho ya uzi hayajawahi kutoka. Akishapita miaka 3 na kama haweki tena vitu mdomoni, hapo vifungo sawa, ila vikague kila baada ya muda.