Chimba kwanza, biskuti baadaye

Mjukuu wangu kaingia jeshini, na swali lake la kwanza kwangu likawa: babu, uliua wangapi? Sikumjibu. Nilimuuliza kama anajua kushika sururu.

Mimi nilikuwa mgambo. Nilichukuliwa mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Nilikuwa na miaka 19, nikidhani vita ni kufyatua risasi. Kumbe siku nyingi ni kuchimba, kubeba na kungoja. Mutukula ilipochukuliwa, Januari 1979, tulikaa hapo mpakani wiki kadhaa kabla ya kusonga Masaka. Ukihamishwa hata mita 200, handaki jipya. Siku moja nilichoka, nikachimba la kufika magotini, nikakaa kula biskuti. Mizinga ilipoanza jioni nilikuwa kifudifudi, naparua udongo kwa mfuniko wa mestini, kopo langu la chakula. Mzee mmoja wa Tabora, aliyekuwa amechimba lake hadi kifuani, akanidaka ukosi akanivuta kwake. Tukabanana humo hadi alfajiri. Hakunisema. Asubuhi alinikabidhi koleo lake, basi.

Kwa hiyo, kijana: chimba, ndipo ule. Udongo uliotoa ufunike majani. Ule mwekundu wa Kagera ukiuacha wazi, unaonekana mbali.

Masikio nayo yafunze. Mwanzoni unainamia kila mlio. Baada ya siku chache unajua kinachotoka kwetu na kinachokuja, na unaacha kujichosha bure.

Miguu sasa. Tulikwenda Uganda kwa miguu, na wengi walirudishwa nyuma kwa malengelenge na fangasi, wala si kwa majeraha. Jozi moja ya soksi vaa, ya pili weka kifuani chini ya shati; joto la mwili litaikausha. Ukiwa na maji kidogo, kunywa. Usinawie uso eti upendeze.

Lakini lililonifundisha zaidi ni Lukaya, huko Uganda mbele ya Masaka, Machi 10. Barabara imepita katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitumiminia maroketi. Tulikimbia. Na mimi nilikimbia, na sioni haya kusema. Kosa letu lilikuwa jingine: hakuna aliyekuwa ameuliza, kabla ya giza, tukitawanyika tukutane wapi. Nililala wima majini hadi kiunoni, bunduki begani, nikisikia watu wakipita bila kujua ni wa kwetu au la. Hilo swali liulize kila jioni, hata wakucheke.

Kulipopambazuka nilisikia kikohozi cha tumbaku upande wa pili wa barabara. Nikakijua. Mzee wa Tabora alikuwa kwenye kinyanyuko, amepiga goti, anachimba.