Bomba la chini ya ziwa kusogea kwenye kona: acha kuongeza zege, angalia presha

Mkuu, umesema bomba lako la inchi 12 lililolazwa chini ya ziwa linasogea kwenye kona kila pampu ikiwashwa, na vizito vya zege ulivyoongeza havijasaidia. Nimefanya kazi za mabomba ya namna hii upande wa Mwanza, nikishirikiana na wazamiaji. Usiongeze zege tena.

Wengi hudhani kona inasukumwa na mwendo wa maji. Tupige hesabu. Kwenye bomba la kipenyo cha ndani milimita 300, maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde, msukumo wa mwendo huo kwenye kona ya nyuzi 90 ni kama kilo 23 tu. Sasa weka presha ya baa 6 (baa moja ni karibu sawa na presha ya kawaida ya hewa) kuzidi ile ya maji ya nje: kona hiyohiyo inasukumwa na karibu tani 6! Na tani hizo zipo hata valvu ya mbele ikiwa imefungwa na maji yametulia tuli.

Zege likizama hupoteza kama asilimia 40 ya uzito wake, na uzito unaobaki unazuia kwa msuguano tu, ambao kwenye tope ni mdogo. Kushikilia tani 6 kwa njia hiyo kunadai zege la tani ishirini na kitu mahali pamoja, nalo litadidimia. Vizito ni vya kuzuia bomba lisielee na lisichukuliwe na mawimbi.

Ondoa kona fupi. Kama bomba ni la poli (plastiki ya polyethylene), liunganishe kwa moto mwanzo hadi mwisho, kisha ulipindishe kwa mkunjo mrefu. Hapo nguvu inayolivuta bomba kwa urefu inabebwa na ukuta wa bomba lenyewe, na msukumo wa pembeni unagawanyika mita nyingi. Viungo vya kuchomeka vyenye ringi ya mpira visikae karibu na kona kabisa. Niliwahi kuona kimoja kikichomoka umeme ulipokatika: pampu ilisimama, maji yakaanza kurudi, valvu ya kuyazuia ikajibamiza. Kuyasimamisha ghafla maji yanayokwenda mita 1.5 kwa sekunde kwenye bomba la chuma kunaweza kuongeza baa 15 au zaidi. Poli inanyumbuka, kwa hiyo ongezeko lake ni dogo, kama baa 4. Tafuta valvu isiyojibamiza.

Hewa nayo isidharauliwe. Mita moja ya bomba lako ikijaa hewa inapata nguvu ya kuelea ya kilo 70 hivi, basi lilaze likipanda mfululizo hadi ufukweni na valvu ya kutoa hewa iwe huko.

(Wanaosafirisha mafuta ya moto wana kazi zaidi, maana joto hurefusha chuma. Kwenye ghuba ya Guanabara, Brazil, Januari 2000, bomba lilijikunja pembeni kwa sababu hiyo, likapasuka na kumwaga lita milioni 1.3 hivi.)

Tuambie viungo vyako ni vya aina gani, na presha ya pampu inasoma ngapi valvu ya mbele ikifungwa. Nikipata hayo nitakupigia hesabu ya kona yako hapahapa.