Kisigino na vidole vya mguu vinauma miezi na miezi: usikimbilie kuita gauti

Pole sana kaka mleta mada. Kwa mnaoingia sasa hivi: ndugu yetu kisigino cha kulia kinamsumbua kwa miezi kadhaa, na siku hizi vidole vya miguu yote miwili vinawaka moto usiku. Duka la dawa wamemwambia ni gauti, yaani ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini. Kaacha nyama, kaacha maharage, anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kila siku, na hali ni ileile. Anauliza afanyeje.

Mimi si daktari, ni msusi hapa Mwanza. Nasimama juu ya vigae kuanzia asubuhi hadi wateja waishe, na kisigino kilinitesa zaidi ya mwaka. Baba yangu mdogo ana gauti ya kweli. Mama ana kisukari. Sisi watatu wote tunalalamika miguu, lakini maumivu yetu hayana undugu kabisa. Ndiyo maana nakwambia kaka, kabla hujauliza dawa, jichunguze panauma wapi hasa na saa ngapi. Naona wewe una mambo mawili tofauti na unayatibu kama moja.

Nianze na kisigino. Je, asubuhi ukishuka kitandani, hatua ya kwanza inauma hadi unashika ukuta? Kisha ukizungukazunguka nyumbani panalegea, ukikaa kidogo na kuinuka panarudi, na jioni baada ya kusimama sana ndiyo usiseme? Kama ni hivyo, hiyo si gauti. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye mashina ya vidole, na ndio unaoshikilia upinde wa unyayo. Ukivutwa kila siku kupita uwezo wake unaumia pale ulipojishikiza kisiginoni. Tunaopatwa sana ni sisi wa kusimama kutwa, wakimbiaji, walioongezeka uzito, na wenye vigimbi vilivyokaza.

Mimi nilipigwa eksirei, ikaonyesha kijimfupa kimechomoza chini ya kisigino. Nikaambiwa hicho ndicho kinachonichoma, nijiandae kukatwa. Aliyeniokoa ni dada wa mazoezi tiba katika hospitali nyingine. Alinieleza kwamba watu wengi wana kijimfupa hicho na hawasikii chochote, kwa hiyo kukiona kwenye picha si ushahidi kwamba ndicho mkosaji. Wengi hupona bila kisu ndani ya miezi 12 wakifuata mazoezi na kubadili viatu.

Alichonipa ni hiki. Kabla mguu haujagusa sakafu asubuhi, kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea mundi mpaka usikie unyayo umekaza, hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Halafu kigimbi: simama ukitazama ukuta, mikono ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka na kisigino kimekanyaga chini, sogea mbele taratibu. Jioni chukua chupa ndogo ya maji uliyoigandisha, iviringishe chini ya unyayo ukiwa umekaa. Na usitembee peku kwenye sakafu ya saruji, hata kutoka chumbani kwenda chooni.

Kandambili nimeziachia bafuni. Kazini navaa raba yenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo. Tunaonunua mitumba, geuza kiatu kabla hujauliza bei: kama kisigino kimelika upande mmoja, kiache, maana huyo mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake na sasa anakurithisha. Sikuona nafuu haraka. Wiki za mwanzo nilidhani yule dada ananipotezea muda. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nilitajiwa pia. Inapoza upesi lakini nafuu yake mara nyingi haidumu, na ikirudiwarudiwa inaweza kupunguza mafuta yanayokinga kisigino au kukata utando wenyewe. Sikuitaka.

Gauti sasa. Ya baba mdogo ilimwamsha usiku wa manane, shina la kidole gumba limevimba, jekundu, lina joto, hata shuka haiwezi kuligusa. Baada ya wiki moja au mbili ikapoa, akakaa miezi hana shida, kisha ikarudi. Gauti ndivyo inavyoanza, inavamia na kuondoka. Kisigino kinachonung'unika kila asubuhi kwa miezi mingi hakina tabia hiyo. Ukipimwa asidi ya yuriki ikawa juu, hiyo peke yake haisemi una gauti, na mwenye gauti anaweza kupimwa siku ya maumivu ikasoma kawaida. Maharage kula, kaka. Wa kuangaliwa ni bia, maini, figo, nyama nyekundu kwa wingi na soda za sukari. Pia vidonge vya presha vya kukojoza kama haidroklorothiazaidi hupandisha asidi hiyo, ila usiviache bila kuongea na aliyekuandikia. Na wenye alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki: hiyo ni ya kumeza kila siku hata kama huumwi, si ya kutafuta siku kidole kimevimba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni vidole kuwaka usiku, miguu yote miwili. Mama alianza hivyohivyo: moto, kuchomachoma, kisha ganzi ikaanzia vidoleni na kupanda. Ilikuwa sukari. Kapime kesho asubuhi hujala kitu. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, daktari atataka kurudia kipimo kuthibitisha. Kama tayari unatumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, uliza kuhusu vitamini B12, maana inaweza kushuka. Kama unameza dawa za kifua kikuu, mojawapo, isoniazidi, huweza kuumiza neva (mishipa ya fahamu), ndiyo maana hupewa pamoja na vitamini B6. Pombe nyingi ya miaka nayo huleta hayohayo.

Hapo juu kuna waliokushauri uloweke miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi. Mpaka upime sukari, usithubutu. Mama aliloweka, hakusikia moto kwa sababu ya ganzi, akaungua. Kidonda kilichukua muda mrefu mno kufunga.

Kuna mengine nayapitia tu kwa ajili ya wasomaji wengine. Ukihisi kama kuna kokoto chini ya kidole cha tatu na cha nne, na ukivua kiatu unapata ahueni, mara nyingi neva inabanwa hapo, vaa kiatu kipana mbele. Ukucha ulioingia nyamani: kata kucha zako zinyooke, usizungushe pembe. Mnaoishi kwenye sakafu ya vumbi, kidole kinachowasha na kina kidoti cheusi, angalieni funza kabla ya kuwaza makubwa. Na kama ni sehemu moja ya mfupa inayouma ukiibonyeza na inazidi ukitembea, huenda mfupa una ufa mwembamba, ambao eksirei ya mapema inaweza isiuonyeshe.

Wa kukimbilia hospitali siku hiyohiyo ni mwenye sukari aliyepata kidonda hata kidogo, mwenye mguu mmoja uliogeuka baridi na kubadilika rangi, na mwenye kiungo kilichovimba pamoja na homa.

Diklofenaki ya kila siku kwa miezi isimamishe na ukaonane na daktari. Inachimba tumbo, inaumiza figo na kupandisha presha, na utando wa kisigino haiuponyi. Ukirudi hapa tuandikie sukari imesoma ngapi, kisigino kinauma zaidi saa ngapi, unafanya kazi ya kusimama au ya kukaa, na kama kuna dawa nyingine unayotumia ambayo hukuitaja.