Moshi una umri: majibu ya maswali yenu kuhusu kuchora moto na moshi kwenye gemu

Moto wa gemu yangu uko sawa kwenye kompyuta, ila kwenye simu mpya ya rafiki yangu unakwenda mbio ajabu. Kwa nini?

Kwa sababu unahesabu fremu, yaani picha moja moja zinazopita kwenye skrini, badala ya sekunde. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, ndugu zangu. Ukisogeza chembe, yaani kijipicha kimoja kati ya vingi vinavyounda moto au moshi, pikseli 2 kila fremu, skrini ya fremu 60 kwa sekunde itaipeleka pikseli 120, na ya fremu 120 itaipeleka 240. Zidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Muda huo uuwekee kikomo, maana mchezaji akipokea simu kisha akarudi, chembe zote zitaruka nje ya skrini kwa mkupuo mmoja.

Nitumie chembe ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Chembe kubwa zenye uwazi zikirundikana, pikseli ileile huchorwa mara kwa mara, na simu ya bei nafuu hukwama hapo.

Moshi wangu unafanana na pamba inayopaa. Nimebadilisha picha mara tatu.

Picha haina kosa. Washa kibatari pasipo upepo, ukitazame kwa makini. Moshi hutoka mwembamba kama uzi, hupanda wima, kisha ghafla hujikunja na kutawanyika. Ni moshi uleule, umri tofauti. Kila chembe ipe umri wa 0 hadi 1, na yote yafuate umri huo: ukubwa uongezeke, mwendo upungue, weusi ufifie. William Reeves, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, aliyaeleza haya mwaka 1983: chembe huzaliwa, hubadilika, hufa. Mikunjo utaipata kwa noizi ya Perlin, yaani namba za bahati nasibu zinazobadilika kwa ulaini, inayosogea na muda. Namba za bahati nasibu tupu zitautetemesha moshi kama mgonjwa wa homa. Na wanaokimbilia hesabu za mtiririko wa hewa na vimiminika za Jos Stam, mtaalamu mwingine wa michoro ya kompyuta, kabla hawajatazama hata moshi wa kuni mbichi, wanapoteza miezi.

Moto na moshi nivichanganye vipi na mandhari?

Mwanga wa moto ujumlishe kwenye rangi ya nyuma, moshi uifunike. Ukijumlisha moshi mweusi, hutauona kabisa.

Nataka mlipuko umulike skrini nzima, uwake na kuzima harakaharaka.

Usifanye hivyo. Mimweko inayozidi 3 kwa sekunde inaweza kumwangusha mtu ambaye kifafa chake huchochewa na mwanga. Mlipuko mmoja unaofifia taratibu unatosha. Weka pia kitufe cha kuzima mimweko, kionekane kabla gemu haijaanza.