Wadogo zangu wa saiti, kabla hujabana ratiba

Wiki iliyopita kijana wetu mpya aliniletea ratiba ya ghorofa moja, imechapwa kwa rangi, mistari imenyooka. Nikatazama msingi: unachimbwa Aprili, hapa Dar es Salaam. Nikatazama slabu, yaani sakafu ya zege ya juu: inamwagwa Jumatatu, Ijumaa ya wiki ileile inavuliwa mirunda, zile nguzo zinazoibeba mpaka zege likomae. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na kila mmoja ni mtoto mzuri, ana akili, anajua programu ya kompyuta kuliko mimi. Basi someni.

1. Masika yaingie kwenye ratiba. Machi hadi Mei shimo la msingi linajaa maji, kingo zinaporomoka, unachimba mara mbili na kulipia pampu juu yake. Mlinzi na mashine ya kukodi ya kuchanganyia zege vinadai pesa hata siku ambayo hakuna aliyeshika koleo. Mwambie mteja mapema, siyo mvua ikishanyesha.

2. Usiongeze watu kabla hujajua kazi gani imeshika mradi. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka yangu ya mwanzo nilipewa jengo la ghorofa tatu. Mkataba ulikuwa na fidia ya kila siku ya kuchelewa, nasi tulikuwa nyuma wiki tatu. Nikaongeza mafundi wa tofali mara mbili, wakafanya kazi usiku kwa taa za jenereta. Uzio ukapanda, vyumba vya nyuma vikapauliwa, mteja akipita anaona saiti inachemka. Baada ya wiki mbili nikapiga hesabu: pesa ya ufundi imeruka, tarehe ya kukabidhi haijasogea hata siku moja. Uzio ungeweza kusubiri mwezi mzima bila kumchelewesha mtu. Kilichoshika mradi ni mirunda. Tulikuwa na seti moja tu, na ilikuwa imesimama chini ya slabu ya kwanza, kwa hiyo ya pili haiwezi kufungwa.

Pesa ya kununua seti nyingine nilikuwa nimeshaimaliza kwenye kazi za usiku. Siku ya 8 tangu kumwaga zege nikamwambia fundi mkuu avue. Mzee yule akafuta mikono kwenye suruali, akaniuliza, "Mhandisi, kyubu za siku 7 zimetoka?" Ni vipande vya zege lilelile vinavyopimwa nguvu maabara, na majibu yake nilikuwa sijayafuata. Nikamjibu kwamba tuna haraka. Akanitazama, akaenda kuwaita vijana.

Asubuhi iliyofuata aliniita bila kupaza sauti. Katikati ya slabu, upande wa chini, ulikuwepo ufa mwembamba kama uzi, unakwenda na urefu wa chumba. Kufika alasiri ukucha wangu ulikuwa unaingia. Chini yake, saa ileile, saidia fundi wawili walikuwa wameinama wanang'oa misumari kwenye mbao. Nilipiga kelele watoke. Walitoka wakicheka, wakidhani nimeona nyoka.

Mhandisi mshauri alisimamisha kazi. Majibu ya maabara yakaja: zege lilikuwa dhaifu kuliko nilivyojipa moyo. Sehemu ile ikavunjwa na kumwagwa upya, wiki tano zikaondoka, na fidia ikakatwa kwenye malipo yetu. Bei ya seti ya pili ya mirunda haikufika pesa ya usiku nne za jenereta na saa za ziada. Fedha niliisahau. Wale vijana wawili bado nawaona wameinama.

3. Kumwagilia zege maji siku 7 kuwe na mstari wake kwenye ratiba na jina la anayeshika bomba.

4. Siku za akiba usizinyunyize kwenye kila kazi, zitaliwa kimyakimya. Zirundike kabla ya masika na kabla ya kukabidhi.

5. Nondo agiza ukiwa bado unachimba. Na fundi mkuu akikuuliza swali mbele ya vijana, lijibu. Mzee yule alikuwa amevua slabu kabla sijaanza shule ya msingi, na baada ya yale yote hakunikumbusha hata mara moja. Siku ya kuanza slabu ya pili alikuja na karatasi ya maabara mkononi, ameifuata mwenyewe kwa daladala.

Nilirudi kwa kijana wetu jana. Sikugusa rangi zake. Nilimuuliza tuna seti ngapi za mirunda stoo. Akafungua kompyuta, akaifunga, akachukua kofia yake ngumu, akatoka kwenda kuhesabu.