Ndugu mfanyabiashara wa mpunga, usisaini mkopo huo kabla hujaiona ratiba ya marejesho

Usisaini. Umeandika kwamba benki imekubali kukukopesha shilingi 10,000,000 kwa miezi 12, kwamba utanunua mpunga Mbarali wakati huu wa mavuno na kuuhifadhi hadi bei ipande, kisha ukauliza benki ipi ina riba nafuu na kama ni lazima jina la biashara lisajiliwe BRELA. Hakuna hata mmoja kati ya waliokujibu aliyekuuliza rejesho la kwanza linaanza lini, ilhali hapo ndipo mtaji wangu ulipoishia.

Mimi nilipewa mkopo wa namna hiyohiyo, na marejesho yakaanza mwezi uliofuata. Mpunga hununuliwa kwa bei ya chini wakati wa mavuno, pale kila mkulima anapouza ili alipe vibarua na madeni, na faida ya anayehifadhi huja miezi kadhaa baadaye, maghala ya wengi yanapokuwa yamepungukiwa. Benki haikuisubiri miezi hiyo. Kila mwisho wa mwezi nililazimika kutoa magunia ghalani na kuyauza kwa bei ileile niliyonunulia, ambayo ukiondoa usafiri, makuli na ushuru ni hasara, ili mradi rejesho lipatikane. Na bei ilipopanda kweli, kama nilivyotarajia, ghalani kulikuwa kumebaki viroba vitupu.

Afisa mikopo alilijua hilo. Alifika ghalani, akahesabu magunia, akaniuliza mpunga utauzwa lini, akaandika jibu langu kwenye fomu yake, kisha akanipangia ratiba ileile anayompa mwenye duka la rejareja anayeuza kila siku. Nilipohoji, alinijibu kwamba ratiba ni moja kwa wateja wote. Si kweli! Ipo mikopo ya msimu ambayo hulipwa baada ya mazao kuuzwa, na chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 mzigo uliomo kwenye ghala lenye leseni unaweza kuwekwa dhamana. Mtu anayelipwa mshahara kwa kukopesha wafanyabiashara wa nafaka hana udhuru wa kuyanyamazia mambo hayo, hasa anapokuwa ameishika mkononi hati ya nyumba wanamolala watoto wa mteja wake.

Riba aliyonitajia, 18% kwa mwaka, ilihesabiwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, yaani 1,800,000 juu ya 10,000,000, na rejesho la takriban 983,000 kila mwezi, hata pale nilipokuwa nimekwisha kurudisha nusu ya deni. Asilimia hiyohiyo ikihesabiwa kwa deni linalobaki, riba yote ingekuwa kama 1,000,000 tu. Ndiyo maana kulinganisha asilimia za benki mbili bila kuziona ratiba zake hakutakusaidia.

Kaombe ratiba iliyochapwa, na pembeni ya kila tarehe uandike ni magunia mangapi utakayouza siku hiyo na kwa bei gani. Ukikuta marejesho ya miezi ya mwanzo yanatoka kwenye mpunga uleule unaotaka kuuhifadhi, dai mkopo wa msimu. Wakikataa, chukua hati yako uondoke, ununue magunia machache kwa fedha yako mwenyewe.