Kikoba cha Mwaloni na riba

Waalaykum salaam dada yangu. Umesema umesilimu, unauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kikoba chenu kinakopesha kwa riba ya asilimia 10. Shangazi zako wanaona ukijitoa umewatupa ndugu.

Usijitoe kwa kishindo. Hisa zako ni halali yako. Kinachokatazwa ni ile nyongeza juu ya mkopo, na Qurani (2:275) imeitenga waziwazi na biashara. Wapelekee kina shangazi pendekezo hili: anayetaka nyavu au taa za kuvulia dagaa asipewe pesa. Kikundi kinunue kwanza, kimiliki, ndipo kimuuzie kwa bei ya juu mliyokubaliana, alipe kidogokidogo. Hiyo ndiyo murabaha, na benki za Kiislamu kama Amana, iliyoanza 2011, huitumia. Akichelewa kulipa, bei haipandi hata shilingi. Hapo ndipo wengi huteleza, nakusihi mpashike sana.

Mfuko wa misiba endelea kuuchangia. Kuzikana ni desturi njema ya Usukumani, na kusilimu hakujakutoa kwenye ukoo. Wakikataa pendekezo, mwisho wa mzunguko chukua hisa zako tupu, faida ya riba uiache, ila kwenye mfuko wa misiba ubaki.